Tarumbeta ya Saa Kumi na Mbili

Juzi nilitukanwa na mtu wa boda boda mjini Nanyuki, na kwa kweli sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimekuja kwa shughuli zangu za kawaida, nikawa navuka barabara karibu na geti la kambi, mkono mmoja mfuko wa nyanya, mwingine simu. Mara tarumbeta ikalia ndani ya ukuta na miguu yangu ikasimama, haikuniuliza. Nikabaki katikati ya lami, mgongo wima, nyanya zikining'inia, huku watu wakinipita kama kawaida. Nje ya geti siku hizi wengi hawajali tena. Yule wa boda alinikwepa kwa chupuchupu, akageuza shingo na kupiga kelele: "Wee madam! Umerogwa?"

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Kisha nikakaa jikoni bila kuwasha taa, nyanya bado zimo mfukoni, na kicheko kikaniisha. Sijaishi kambini tangu nilipomaliza darasa la nane. Nilidhani mwili wangu umeshasahau mambo hayo.

Baba alikuwa koplo. Tulikaa kwenye kwota za askari, nyumba zilizopangwa mstari kwa mstari, zote na mlango wa kijani, zote na ngazi mbili za saruji ambazo mama aliziosha kila asubuhi kana kwamba kuna mgeni atakayezilamba. Nje ya ukuta kulikuwa na Nanyuki yenyewe: wauza mitumba, malori ya kuni, muziki wa baa, wazungu vijana wa jeshi la kwao wakinunua vinyago kwa bei ya kuhurumia. Ukiingia geti, kelele hiyo yote ilibaki nyuma. Nyasi zilikatwa zikalingana. Kila njia ilipangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na miti nayo ilipakwa chokaa hadi kiunoni. Baba alikuwa na utani wake. Akinikuta nimezubaa mlangoni angeniambia, "Wangechi, usisimame sana hapo, utapakwa chokaa."

Na kila jioni, saa kumi na mbili, bendera ilishushwa.

Aliyelelewa mjini au shambani hawezi kuelewa nikisema kwamba hicho ndicho kitu kikubwa zaidi nilichowahi kukiona, na nimeshaona bahari na nimeshapanda ndege. Tarumbeta ililia, na dunia ikasimama. Askari aliyekuwa akikimbia alisimama. Gari lilisimama. Mpishi aliyetoka na sufuria ya ugali wa watu mia alisimama nayo kifuani, moshi ukimwingia machoni. Watoto waliokuwa wakicheza mpira waliuacha mpira ujiendee, nao ukaenda polepole, ukagonga jiwe jeupe, ukatulia. Kwa wakati huo huo, mara nyingi, mawingu yaliyokuwa yameuficha mlima kutwa nzima yalikuwa yanaachana, na Kirinyaga ulitokea pale juu ya mabati na theluji yake, umesimama na sisi. Nikifikiri sasa, mlima haukuwa na lingine la kufanya. Lakini wakati ule niliona kwamba hata wenyewe umeshikwa.

Maana mimi niliamini tunashikwa. Hakuna aliyenidanganya, nilijionea mwenyewe nikaamua. Niliamini sauti ile ina nguvu ya kuingia magotini na kufunga, kama vile mkono unavyofunga bomba, na kwamba mpaka mpigaji aondoe tarumbeta mdomoni hakuna kiumbe cha kambi ambacho kingeweza kupiga hatua hata kingetaka. Nilijaribu mara moja kusogeza kidole cha mguu ndani ya kiatu. Hakikusogea. Au labda sikukiambia kwa nguvu. Hata hivyo ule ulikuwa ushahidi wa kunitosha.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuwa mama. Mama alizaliwa Mukurwe-ini kwenye kahawa na chai, akaijua kambi kwa ndoa, na sheria za kambi akazishika kuliko sajini meja mwenyewe. Jioni moja alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, akiniita nikaoge. Tarumbeta ikalia. Nyuma yake, juu ya stovu, maziwa yakaanza kupanda. Niliyaona kupitia mlangoni. Yakafika ukingoni, yakavimba, yakafurika, yakateremka kila upande wa sufuria na kuuzima moto kwa mlio wa kuudhi. Hayo yalikuwa maziwa ya chai ya jioni na ya kesho yake. Mama aliyasikia, nami niliuona uso wake ukisikia. Hakugeuka. Basi nikajua: ikiwa mama, ambaye huokota hata punje ya mchele sakafuni, hawezi kuyafikia maziwa yake, hakuna anayeweza.

Mtu mwingine niliyemheshimu kwa mambo haya alikuwa bibi mmoja Mhindu, mama ya mwenye duka lililokuwa ng'ambo ya geti. Pale waliuza rangi ya viatu, mikanda, dawa ya kung'arishia vifungo, na nyuma mafundi walishona vyeo kwenye mabega ya mashati. Wajukuu zake walimwita Ba, nasi sote tukafuata. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, sari nyeupe, sweta ya kijivu juu yake kwa sababu ya baridi yetu, na nilipotumwa dukani aliniita.

"Toto ya koplo, kuja. Kaa hapa. Mimi pia toto ya kambi kama wewe."

Nilidhani ananitania. Kumbe alizaliwa India, ndani ya jiji kubwa ambalo sikuwahi kulishika jina, na ndani ya jiji hilo kulikuwa na mji mwingine wa askari peke yao. Baba yake alikuwa fundi cherehani wa jeshi.

"Pande hii jiji," alisema, akikata hewa kwa kiganja. "Kelele, ng'ombe, mkokoteni, watu kama siafu. Halafu nakuta mawe meupe. Wewe navuka ile mawe, basi. Kelele nabaki huko. Barabara pana, miti mikubwa, hapana mtu natema mate."

"Mawe ya chokaa?"

"Chokaa. Na mti pia, mpaka hapa." Akajishika kiuno.

Nilishikwa na mshangao ambao siwezi kuueleza vizuri hata leo. Nikamuuliza kama tarumbeta ilikuwepo.

"Jua nalala, tarumbeta nalia. Kinyozi alikuwa nanyoa askari, wembe hapa," akaweka kidole chini ya kidevu chake, "basi, kinyozi nasimama, askari nasimama, povu nakauka kwa uso. Mimi naona kwa macho yangu."

Aliniambia pia kwamba jua hulala kwao kabla ya kwetu. Hapo akili yangu ikamaliza kazi. Kambi ni moja, nikaamua, na imesambaa duniani kote chini ya miji. Tarumbeta inaanza kwa kina Ba, inakuja mbio pamoja na giza, inasimamisha watu jiji baada ya jiji, mpaka inafika Nanyuki na kumkuta mpishi na sufuria yake. Nililala na wazo hilo nikiwa na furaha kubwa. Nilikuwa mtu wa kitu kikubwa kuliko hata Nairobi yenyewe.

Kisha baba akapelekwa ng'ambo ya mpaka, kwenye joto na vita. Mwanzoni alipiga simu. Simu ya mama ilikaa dirishani kwa sababu hapo ndipo network iliposhika, na ikilia tuliikimbilia sote wawili tukagongana. Baba aliniuliza habari za shule, akaniuliza kama nimeshapakwa chokaa. Mimi nilimuuliza jambo moja tu: huko pia kuna bendera jioni?

"Iko," alisema. "Tunaishusha kila siku."

"Na mnasimama?"

"Tunasimama kabisa."

Basi sikuwa na wasiwasi. Watu wazima waliongea kwa sauti za chini na mimi nikawahurumia kwa kutojua. Mchana sikuweza kuusemea, lakini jioni baba alikuwa salama, kwa kuwa tarumbeta ikilia kila kitu husimama, na adui naye husimama, bunduki ikiwa vilevile ilivyo. Nilienda hata kumuuliza Ba ili nihakikishe. Alikuwa akimenya kitunguu saumu.

"Ba, na adui pia anashikwa?"

Akaacha kumenya. Alinitazama mpaka nikaona haya, halafu akaingiza mkono kwenye chupa ya kioo na kunipa peremende ambazo sikuwa nimeomba. "Toto," akasema, "hiyo mimi hapana jua."

Simu ikanyamaza dirishani. Siku zikapita, wiki zikapita. Wanawake wa laini yetu, yaani mstari wetu wa nyumba, walianza kufagia mbele ya nyumba zao mara kwa mara, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu hakukuwa na takataka. Sasa najua walikuwa wakitazama barabara. Kasisi wa kambi alikuwa na gari jeupe, na siku hizo lilitembea polepole kati ya laini, yeye na afisa mmoja ndani, na kila lilipopita mlango, mwenye mlango aliketi kwenye ngazi. Gari lile lilisimama kwa Mama Chebet.

Mama Chebet alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mwanamke mrefu wa Kericho, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Aliwahi kunifundisha kunywa maziwa lala, yaliyochacha, kutoka kwenye kibuyu chake na akanicheka siku nzima nilipotema. Alilia mara moja tu, sauti ambayo niliisikia kupitia ukutani. Wanawake walikusanyika nyumbani kwetu kupika chai ya kumpelekea, na nikawasikia wakiambiana kwamba Baba Chebet alipigwa risasi jioni, jua likizama. Mimi nilijua hilo haliwezekani. Nilimvuta mama nguo nimwambie wamekosea, haiwezi kuwa jioni. Mama akaniambia, "Wangechi, wachana na sisi kidogo." Hakuwa na nguvu hata ya kunigombeza.

Mama Chebet alienda Kericho kuzika, akarudi kufunga vitu vyake. Wiki hiyo ikatangazwa kwamba wanaume wanarudi. Hapakuwa na majina. Ilijulikana tu kwamba wengine wamelazwa Nairobi, wengine wako njiani, na kwamba gari la kasisi bado halijamaliza kuzunguka. Mama alinivalisha sweta ya Jumapili. Alifunga kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena. Alisahau viatu, akatoka na patipati za bafuni, za buluu.

Malori yalitarajiwa mchana. Moja likapasuka gurudumu mahali fulani kabla ya Karatina, na tukangoja mpaka baridi ya mlima ikatuingia mifupani. Wanawake walipangwa nyuma ya mawe meupe, pembeni mwa uwanja wa gwaride. Nilipotazama kando nikamwona Mama Chebet. Hakuna aliyemtarajia. Hakuwa na mtu wa kungoja. Alikuwa amevaa vizuri, mtoto mgongoni, akaja akasimama upande wangu, akanishika mkono.

"Si ungepumzika tu, Mama Chebet," mama akamwambia polepole.

"Ni wetu wanakuja," akajibu. "Nitawapokea."

Malori yakaingia. La kwanza wakashuka, nikatafuta masikio ya baba, ambayo ni makubwa na hayafichiki. Hakuwemo. La pili, hakuwemo. Wanaume walishuka wamekonda, weusi kuliko walivyoondoka, wakajipanga bila kututazama. Mama alikuwa akisema kitu kwa Kigikuyu chini ya pumzi, maneno yaleyale tena na tena. La tatu likafungua mlango wa nyuma. Akashuka mmoja. Akashuka mwingine. Wa tatu akashusha mguu, akaushika ubao kwa mkono.

Tarumbeta ikalia.

Uwanja mzima ukaganda. Yule wa tatu alibaki hivyohivyo, mguu mmoja hewani, nyuma yake giza la turubai. Bendera ikaanza kushuka polepole kama inavyoshuka, bila haraka na mtu yeyote. Ndani ya lile giza kulikuwa na watu, na hatukujua ni nani. Sijawahi kusikia tarumbeta ndefu vile.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika saa hiyo. Nilisikia patipati.

Mama alikuwa anatembea.

Alikuwa ameshavuka mawe meupe. Alikwenda katikati ya uwanja ule mtupu, si mbio, mwendo wa mtu anayekwenda dukani, na patipati zake zikapiga lami chap, chap, chap, na hapakuwa na sauti nyingine duniani ila hiyo na tarumbeta. Alimpita sajini meja mbele ya pua. Sajini meja, ambaye sauti yake ilikuwa inatoa ndege mitini, alikuwa amepiga saluti. Macho yake yalimfuata mama hatua moja, kisha yakarudi kwenye bendera. Nilimngoja mama aanguke. Nilingoja kitu kimkamate magotini. Hakikumkamata. Niliogopa na nikamwona mkubwa kuliko mlima, kwa wakati mmoja.

Akafika kwenye lori. Akashika ubao kwa mikono yote miwili, akainua visigino, akachungulia. Niliuona mgongo wake tu. Halafu mkono wake mmoja ukaingia ndani ya giza, ukashika kitu, ukakaa hapo.

Miaka mingi baadaye mama alikuwa akiisimulia sehemu hiyo kwa kulalamika, baba akiwa palepale anakunywa chai. "Nikamshika buti. Nikamtingisha. Unafikiri alisonga? Alikaa tu kama gunia ya viazi, macho mbele. Nilitaka kumchapa." Na baba angesema, "Bendera ilikuwa inashuka, Mama Wangechi. Ningefanya nini?" Na mama angemwambia angefanya alivyofanya yeye.

Lakini jioni ile sikujua kuhusu buti. Nilijua tu kwamba mama anaweza kutembea. Na kama mama anaweza, basi yule mpishi mwenye moshi machoni alikuwa akiweza siku zote. Mama mwenyewe aliweza kuyafikia maziwa. Waliweza wote, kila jioni, na walisimama kwa sababu waliamua kusimama. Jambo hilo lilinijia lote kwa mara moja na likaipasua dunia yangu, maana nyuma yake lilikuja lingine: kwamba huko ng'ambo ya mpaka kuna watu ambao hawakuamua. Kwamba Baba Chebet alipigwa jioni, kama walivyosema, na kwamba pengine alikuwa amesimama wima.

Nikamwangalia Mama Chebet. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni, yanamdondokea kifuani, na hakuyapangusa. Angeweza kuyapangusa. Mkono wake mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa umeshika wangu, na mimi nilitaka kukimbia kwa mama, nilitaka kwa mwili wote, na sasa nilijua kwamba miguu ni yangu. Sikukimbia. Nilisimama naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama.

Tarumbeta ikanyamaza. Yule wa tatu akamaliza kushuka, na nyuma yake, mama akiwa bado amemng'ang'ania mguu kiasi cha kutaka kumwangusha, akashuka mtu mwenye masikio makubwa.

Uwanja ukalipuka. Wanawake waliruka mawe, watoto wakapita kati ya miguu, sajini meja akageuka upande mwingine kabisa na kuanza kukagua kitu ambacho hakikuwepo. Hakulizungumza jambo lile siku hiyo wala siku yoyote.

"Enda, mama," Mama Chebet akaniambia, akaniachilia mkono. "Enda usalimie baba yako."

Nikakimbia. Baba aliniinua, alinuka jasho na dizeli na vumbi geni, na mifupa ya bega lake ikaniumiza shavu. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Kisha nikatazama nyuma kutoka huko juu. Bendera ilikuwa imeshakunjwa, na kila mtu kambini alikuwa anatembea, anashikana, anacheka na kulia. Nyuma ya mawe meupe alikuwa amebaki Mama Chebet peke yake, mtoto mgongoni, mikono kando, amesimama wima vilevile.

Mama naye alimwona. Akamwachilia baba, akatembea tena.